Mtoto njiti akiruhusiwa kwenda nyumbani, weka kwanza pesa ya kurudi

Hakuna maneno matamu kama ya daktari anaposema, "Mama, leo mnaenda nyumbani." Hasa kama mtoto wako alikuja kabla ya wakati, ukakaa wiki nzima nzima ukihesabu gramu, ukijua zamu za manesi wote na mlio wa kila mashine kwenye nasari.

Siku hiyo pesa huenda mbio. Bili inafungwa, teksi inaitwa, blanketi mpya inanunuliwa, na mtu anatumwa kuku wa kumkaribisha mama. Kufikia jioni, salio kwenye simu ni la mkate na maziwa tu. Lakini nani analalamika? Kila mtu anasema asante Mungu, tumemaliza.

Hapo kwa "tumemaliza" ndipo tunataka kuongea nawe leo. Kwa mtoto njiti, kuruhusiwa ni hatua kubwa, lakini safari bado. Wapo wanaorudi hospitali baada ya siku chache, na mtoto hachagui saa. Kwa hivyo ushauri wetu ni mmoja, na yote utakayosoma hapa chini yanatoka kwake: kabla hujanunua chochote cha kumkaribisha mtoto, weka kando pesa ya kumrudisha hospitali. Ukikosa kuihitaji, hiyo ni baraka. Ukiihitaji, utaihitaji saa hiyo hiyo.

Kwa nini mtoto huyu hutoka akiwa bado mdogo

Mtoto njiti ni yule aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za mimba kukamilika. Wengi wao huzaliwa na uzito wa chini ya kilo 2.5, na wengine chini sana ya hapo. Mafuta chini ya ngozi ni kidogo, kwa hivyo wanapoteza joto haraka. Kunyonya kunawachosha. Kinga yao ni changa, na kupumua kwenyewe bado wanajifunza.

Hospitali haingoji mtoto awe mnene ndipo imruhusu. Inaangalia kama ananyonya au kunywa maziwa vizuri, kama uzito unapanda, kama anaweza kukaa na joto lake bila inkubeta, na kama mama ameshazoea kumshughulikia. Mtoto anaweza kutimiza hayo yote akiwa bado hajafika kilo mbili. Ndiyo maana majirani wakimwona wanauliza, "Kwani wamemtoa hivi?" Usitishike na maneno hayo. Lakini pia usijidanganye kwamba sasa ni mtoto kama wengine. Bado anahitaji macho yako usiku na mchana.

Dalili ambazo hazingoji asubuhi

Andika hizi kwenye karatasi, uibandike ukutani karibu na kitanda. Kila anayelala na mtoto azijue, hata nyanya aliyekuja kusaidia:

- Anakataa kunyonya, au ananyonya kidogo sana na kulala tena.
- Anapumua haraka, mara 60 au zaidi kwa dakika. Tumia saa ya simu, uhesabu dakika nzima mtoto akiwa ametulia.
- Kifua kinabonyea ndani akivuta pumzi, au anaguna, au pumzi inakatika.
- Joto la mwili ni 37.5 au zaidi, au liko chini ya 35.5.
- Amelegea, na hasogei mpaka umguse.
- Anapata degedege.
- Viganja na nyayo zimekuwa za manjano.
- Kitovu ni chekundu au kinatoa usaha.

Ukiona hata moja, usingoje kuche. Usiulize kwanza kwenye kikundi cha WhatsApp. Mfunge mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, asipoteze joto, na muanze safari. Mtoto mkubwa anaweza kuvumilia saa kadhaa za kuangaliwa nyumbani. Huyu mdogo anaweza kubadilika ndani ya saa moja.

Usiku wa nne

Niliona haya kwa karibu kwa dadangu. Mwanawe alizaliwa wiki ya 31 akiwa na kilo 1.4. Walikaa nasari zaidi ya mwezi mmoja, wakaruhusiwa akiwa na kilo 1.85. Familia ilishangilia, michango ikamaliza bili, na shemeji akabaki na shilingi 400 kwenye simu. Mshahara ulikuwa wiki moja mbele.

Usiku wa nne, saa tano, mtoto hakuamka kunyonya. Dadangu akamgusa miguu, baridi. Akampa titi, mdomo haushiki. Akamweka kifuani na kumfunika, akangoja dakika kumi, hakuna kilichobadilika. Akasema, "Baba, twende."

Teksi ya usiku kutoka Kitengela hadi hospitali ilikuwa shilingi 2,200, na dereva alitaka kulipwa kabla ya kuondoka. Mawakala wote walikuwa wamefunga. Shemeji akapiga simu kwa kaka zake wawili, wamelala. Akapiga kwa binamu, simu imezimwa. Wa nne kupigiwa ni mimi, nikatuma 4,000. Kutoka aliposema "twende" mpaka gari lilipong'oa nanga, dakika arobaini zilikuwa zimepita. Si kwamba hospitali ilikuwa mbali, wala gari halikukosekana. Pesa ndiyo iliyowaweka pale mlangoni, mtoto akiwa kifuani.

Walipofika, waliambiwa ni maambukizi. Dawa moja ilikuwa imeisha kwenye duka la hospitali, ikabidi shemeji atoke saa nane usiku kuitafuta nje. Alilipa kwa simu, kutoka kwa zile zile nilizotuma. Mtoto alilazwa siku tisa, akapona.

Mara ya pili waliporuhusiwa, dadangu hakutaka kuku. Alisema, "Kwanza elfu sita ikae kando, ndio tupange mengine." Wiki tatu baadaye uzito ulikwama, kliniki ikawaita wakaongezewe maelekezo ya maziwa. Ilikuwa safari ya mchana, haikufika shilingi elfu moja. Mshtuko ulikuwepo, lakini hakuna aliyepigiwa simu usiku kuombwa nauli. Hiyo ndiyo tofauti tunayotaka kwako.

Pesa ya kurudi ni kiasi gani?

Hakuna kiasi kimoja cha kila mtu. Anayeishi dakika kumi kutoka hospitali ya kaunti hatahitaji sawa na wa Turkana au Kitui vijijini. Piga hesabu yako kwa maswali manne:

1. Gari la usiku kutoka mlangoni kwako hadi hospitali yenye kitengo cha watoto wachanga ni bei gani? Usihesabu nauli ya matatu ya mchana. Uliza dereva unayemjua leo, siyo siku ya shida.
2. Ukifika, utahitaji nini kabla ya bima kuanza kufanya kazi? Mara nyingi ni kadi, vipimo vya kwanza, na dawa moja au mbili za kununua nje.
3. Mama atakula nini siku mbili za kwanza wodini? Mama asipokula, maziwa nayo yanapungua.
4. Watoto wengine waliobaki nyumbani watakula nini, na nani atalipwa kuwaangalia?

Kwa mfano, tuseme gari la usiku ni 2,000, kadi na vipimo 1,500, dawa 1,500, na chakula cha siku mbili 1,000. Jumla ni 6,000. Kama kiasi chako kinaonekana kikubwa, anza na swali la kwanza peke yake. Nauli ya usiku ikipatikana, mtoto atafika kwa daktari, na hayo mengine yatajadiliwa akiwa tayari anahudumiwa.

Kumbuka pia kwamba mapato yanaweza kupungua wakati huo huo. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya miezi mitatu yenye malipo, na baba wiki mbili. Mtoto akikaa nasari mwezi mzima, wiki mbili za baba zimeisha kabla hata hajalala nyumbani. Na kama wewe ni wa biashara ndogo, kila siku kibanda kikifungwa ni hasara. Kwa hivyo iweke pesa hii mapema, wakati michango bado inaingia.

Iweke wapi?

Ikibaki kwenye salio la kawaida, itaisha. Utalipa tokeni, utanunua maziwa, mtu ataomba mia mbili, na hutajua ilienda wapi. Fanya hivi:

- Fungua akiba tofauti kwenye simu, uipe jina. "Kurudi" linatosha. Ukiona jina hilo kila unapofungua menyu, mkono utakuwa mzito kuigusa.
- Usichague akiba iliyofungwa. Zipo zinazokupa riba nzuri lakini zinahitaji notisi kabla ya kutoa. Hiyo ni ya karo ya shule. Hii ya mtoto lazima itoke papo hapo, hata saa nane usiku.
- Igawe kwa simu mbili. Nusu kwa mama, nusu kwa baba au mtu mwingine mnayelala naye nyumba moja. Simu moja ikizima au ikipotea, safari haitasimama.
- Usimpe mtu PIN yako, hata kwa nia njema. Ukimwamini mtu asimamie, mtumie kiasi chake akae nacho kwenye laini yake.
- Weka keshi kidogo ndani ya kijitabu cha Mama na Mtoto, angalau ya boda hadi barabarani. Mtandao ukisumbua, au wakala akiwa amefunga, noti itakusaidia.
- Ongea na madereva wawili mapema. Waulize kama watakuja usiku na kama wanapokea malipo kwa simu. Hifadhi nambari zao kwa jina linaloonekana upesi.

Halafu kuna stima. Kama mtoto ametoka na mashine ya oksijeni ya nyumbani, au mnatumia umeme kupasha chumba joto, usingoje tokeni ifike vizio viwili. Nunua mapema, mchana, kwa sababu kuna siku ujumbe wa tokeni huchelewa. Na tafadhali, usilale na jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa. Ule moshi usioonekana huua watu wazima, sembuse mtoto wa kilo mbili.

Kifaa bora cha joto hakiuzwi dukani

Wengi hutumia pesa ya kurudi kununua hita, kitanda cha bei, na nguo za ukubwa ambao mtoto atavaa baada ya miezi mitatu. Kabla hujalipa, kumbuka ulichofundishwa wodini: kangaroo.

Njia hii ilianza mwaka wa 1978 jijini Bogotá, Colombia, kwenye hospitali iliyokuwa na watoto wengi kuliko inkubeta. Daktari Edgar Rey Sanabria aliwaambia akina mama wawabebe watoto kifuani, ngozi kwa ngozi, wakiwa wima. Leo Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto njiti abebwe hivyo saa 8 hadi 24 kwa siku. Unachohitaji ni leso ya kufunga, kofia, soksi na nepi ya mtoto. Baba anaweza kubeba. Nyanya anaweza kubeba. Na mama akipumzika saa mbili wakati baba amebeba, hiyo nayo ni dawa.

Kitu kimoja tunakubali ununue ni kipimajoto. Ni cha bei nafuu, na kinaondoa ubishi wa "mimi naona ana joto" na "mimi naona yuko sawa".

Kuhusu maziwa, kama mtoto hawezi kunyonya vizuri, kliniki itakuonyesha jinsi ya kukamua na kumpa kwa kikombe. Hospitali ya Pumwani jijini Nairobi ina benki ya maziwa ya mama iliyozinduliwa mwaka wa 2019, inayowasaidia watoto wadogo na wagonjwa ambao mama zao hawawezi kuwapa maziwa. Ukiwa bado wodini, uliza hospitali yako inatoa msaada gani. Usikimbilie maziwa ya kopo kwa sababu jirani amesema mtoto hashibi.

SHA: ishughulikie kabla ya kutoka

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hupangiwa kiasi kulingana na tathmini ya mapato ya nyumba yake, na cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka.

Piga *147# uangalie kama umesajiliwa na kama malipo yako yako sawa. Fanya hivyo mtoto akiwa bado nasari, maana usiku wa dharura hutakuwa na akili ya kufuata menyu. Kisha nenda kwenye dawati la SHA hapo hospitalini, uulize mtoto ataandikishwaje chini yako na kwa karatasi zipi. Chukua notisi ya kuzaliwa, ipige picha, na uihifadhi mahali salama. Ya karatasi ikipotea kwenye pilkapilka za kuhama wodi, angalau una picha ya kuonyesha.

Kama bili imekushinda, uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Ni afadhali kuongea nao siku ya tatu kuliko siku ya thelathini.

Mchango: omba mara moja, gawa mara mbili

Wakenya tunachanga. Mtoto akiwa nasari, ndugu, chama na watu wa kanisani au msikitini hutuma. Lakini picha ya mtoto akiwa nyumbani ikitumwa tu kwenye kikundi, michango hukauka. Hakuna mbaya hapo, watu wanaamini kazi imeisha.

Kwa hivyo mweka hazina aseme tangu siku ya kwanza: "Tunachangia vitu viwili, bili ya hospitali na akiba ya kumrudisha mtoto ikihitajika." Tumia akaunti ya kikundi ambayo haitoi pesa bila watu wawili kukubali, na tuma taarifa ya malipo kwenye kikundi kila wiki. Watu wakiona senti zao zinaenda wapi, hata mara ya pili watatuma bila kuombwa sana.

Na mkopo wa simu je? Unaweza kukuokoa usiku mmoja, hatukatai. Lakini mkopo unaotoza ada kila siku ukikaa wiki tatu unakula pesa ya maziwa. Ukiutumia kwa nauli ya dharura, uwe wa kwanza kulipwa pesa ikiingia.

Jihadhari na wanaowinda wazazi

Mzazi mwenye hofu ni windo rahisi, na matapeli wanalijua hilo. Mbinu zao ni hizi:

- Mtu anapiga simu akijiita daktari: "Mtoto wako amebadilika, tuma 8,000 ya dawa sasa hivi kwa nambari hii." Kata simu. Piga wodi kwa nambari uliyopewa hospitalini, au mtume mtu afike. Bili hulipwa kupitia nambari ya malipo iliyobandikwa kwenye dirisha la keshia, siyo kwa laini ya mtu binafsi.
- Unapokea ujumbe kwamba umetumiwa pesa, kisha mtu anapiga akilia, "Nimekosea nambari, nirudishie." Angalia salio lako kwanza, usiamini ujumbe peke yake. Hata kama pesa imeingia kweli, usiirudishe mwenyewe. Mwambie aombe kurudishiwa kupitia huduma kwa wateja.
- Mtu usiyemjua anaanzisha mchango kwa picha ya mwanao. Usisambaze picha ya mtoto pamoja na nambari ya malipo hovyo hovyo. Ibaki kwenye vikundi vya watu mnaofahamiana.

Kila unapolipa, soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN. Ni sekunde tatu tu. Na ukituma kimakosa, omba muamala urudishwe mara moja kabla mpokeaji hajatoa.

Kabla hujatoka wodini

Soma orodha hii ukiwa bado umekaa kitandani, mwenzako akiwa karibu:

1. Akiba ya "Kurudi" ina nauli ya usiku, na iko kwenye simu mbili.
2. Nambari ya wodi na za madereva wawili zimehifadhiwa.
3. SHA imeangaliwa, na notisi ya kuzaliwa imepigwa picha.
4. Tarehe ya kliniki imewekwa kwenye simu pamoja na kengele ya kukumbusha. Umeuliza pia kama mtoto atahitaji kupimwa macho na masikio, kwa sababu waliozaliwa wadogo sana huhitaji.
5. Nyumbani kila mtu anajua dalili za hatari, na anajua kwamba hana haja ya kuomba ruhusa ya mtu yeyote kuondoka.

Hiyo ya tano ndiyo kubwa. Kuna akina mama wanaokaa na mtoto baridi mpaka asubuhi wakiogopa kuonekana wanasumbua, au wakijua mfuko hauna kitu. Pesa ikiwa imeshawekwa na nyote mmekubaliana ni ya kazi hiyo, mama haulizi mtu. Anafunga leso, anapiga simu kwa dereva, anaenda. Na daktari akisema, "Mtoto yuko sawa, mlikuja tu mapema," rudini nyumbani mkiwa na furaha. Kisha jioni hiyo, jazeni tena ile akiba.